Msichana wa Kwanza Kuvua Viatu

Kompyuta za shule yao zilikuwa na nguo nyingi kuliko Nalangu. Kila moja ilivaa karatasi ya nailoni, juu yake shuka, na juu ya shuka kitambaa cha kufuma chenye maua. Vitambaa hivyo vilifumwa na wasichana katika somo la sayansikimu, na Nalangu alikuwa amefuma viwili, vyote kwa hasira.

Ilikuwa mwaka wa 2003, katika shule ya kutwa nje kidogo ya Kitengela. Wafadhili walizileta mashine mwanzoni mwa mwaka, zikapewa chumba chenye mlango wa chuma na mapazia mazito. Kwa kuwa zilikuwa chache, mwalimu mkuu, Bwana Musila, aliamua waanze wavulana. Wasichana wangepata baadaye. Lakini baadaye ya Bwana Musila ilijulikana: maktaba ya shule ilikuwa ikijengwa baadaye tangu Nalangu akiwa shule ya msingi.

Basi kila Jumanne na Alhamisi wavulana wa kidato cha tatu walivua viatu mlangoni, wakaingia na soksi zao zenye matundu, mlango ukafungwa. Walipotoka walikuwa watu wengine. Walitembea polepole. Peterson, ambaye hakuwa amewahi kupita hesabu tangu azaliwe, alianza kuzungumza kwa sauti ya daktari.

"Kwani huwa mnafanya nini huko ndani?" Nalangu alimwuliza siku moja.

"Ni mambo mengi," Peterson akasema, akipangusa chaki mikononi. "Ukiingia na viatu, vairasi inaingia. Hiyo tu ndio naweza kukuambia."

Nalangu hakucheka. Dada yake mkubwa alikuwa amemaliza kidato cha nne na alama nzuri, akaenda kuomba kazi ya ofisini katika shamba moja la maua upande wa Isinya. Aliulizwa swali moja tu: unajua kompyuta? Hakujua. Sasa alifunga waridi kutoka asubuhi mpaka jioni, na vidole vyake havikukosa miiba. Kila alipoviona vidole vile Nalangu alishikwa na hofu. Muhula ule wa tatu ukiisha, masomo ya mtihani yangeandikishwa, na asiyeandikishwa kompyuta angebaki na kufuma vitambaa.

Akaenda kwa mwalimu mkuu, akaambiwa angoje. Akarudi, akaambiwa kompyuta inataka mtu mwenye kichwa cha hesabu. Aliyeongoza darasa zima katika hesabu alikuwa Nalangu, na Bwana Musila alilijua hilo vizuri kwa sababu somo hilo alilifundisha yeye mwenyewe. Safari iliyofuata alikuja na baba yake.

Mzee Tajeu hakuwa mtu wa maneno. Aliketi ofisini na fimbo yake magotini, akakubali chai, akaimaliza, akakubali nyingine.

"Huyu mtoto wangu anataka hiyo mashine," akasema hatimaye. "Mwalimu, mimi niko na siku mzima. Ng'ombe ziko na mtu."

Kufikia saa saba Bwana Musila alikuwa amechoka kumimina chai. Akakubali, ila alimwita Nalangu kando. "Mambo ya ndani yabaki ndani," akamwambia, bila kumtazama usoni.

Habari zilienea kabla kengele ya jioni haijalia. Purity, rafiki yake wa dawati moja tangu kidato cha kwanza, alimshika mkono. "Ukitoka utaniambia kila kitu. Kama ni kitu naweza, hata mimi naleta baba yangu. Kama haina maana, niendelee tu na kupika."

"Kila kitu," Nalangu akaahidi, naye alimaanisha.

Alhamisi akavua viatu. Wavulana waliinamisha vichwa alipoingia, akadhani ni dharau. Chumba kilinukia plastiki mpya. Akaonyeshwa kiti, na mbele yake ikawa kompyuta, nzima, yake kwa saa moja, na shuka na maua yake. Alitaka kulia kwa furaha na hakuona haya.

Mwalimu Mwololo, aliyefundisha somo hilo, akageukia ubao akachora kisanduku kwa chaki. "Hii ni nini?"

"Monita," darasa likajibu pamoja.

Akachora kingine, chenye vyumba vidogo vidogo. "Na hii?"

"Kibodi."

Peterson akaitwa mbele. Akabonyeza herufi za chaki kwa kidole kimoja, akaandika jina lake lote, akapigiwa makofi, akarudi kuketi kando ya Nalangu.

Nalangu akangoja. Kipindi kilipokaribia kuisha, akamwinamia Peterson. "Tunafunua saa ngapi?"

Peterson akatazama soksi zake. "Mbunge akikuja kukata utepe. Mwalimu mkuu alisema haziwezi kuguzwa kama hazijafunguliwa rasmi."

"Na alisema anakuja lini?"

"Muhula wa kwanza. Sasa ningekuambia aje? Na vile mlikuwa mnatuangalia."

Kengele ikalia. Nje, Purity alikuwa akingoja na wasichana wengine, baadhi yao bado wameshika nyuzi za kufuma. Walimzunguka wote kwa pamoja, macho yamewatoka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtazama hivyo.

"Haya, sema," Purity akamhimiza. "Huko ndani kukoje?"

Nalangu alifunga kamba za kiatu kimoja, kisha cha pili, bila haraka yoyote.

"Purity," akasema kwa upole, "hayo mambo si rahisi kueleza. Mpaka mtu aingie mwenyewe."