Kilo Moja Kila Siku

Mkulima namba 0417 alikuwa amepeleka kilo moja ya majani chai. Jana, kilo moja. Juzi, kilo moja. Nicholas alirudi nyuma kwenye ripoti miezi kumi na minne nzima, akakuta kilo moja kila siku isipokuwa Jumapili.

"Huyu naye ni mkulima wa aina gani?" akauliza kwa sauti.

Nani wa kumjibu? Ofisi ilikuwa yake peke yake. Tangu ahamie Kericho mwaka jana alikula peke yake, akalala peke yake, na simu yake ililia tu bosi akiwa na shida. Upweke ulimchosha kuliko kazi.

Asubuhi hiyo shida ilikuwa ripoti. Bosi wake, Madam Wakonyo, alitaka iongezwe safu inayojihesabu yenyewe: kilo zote za mkulima, gawanya kwa mara alizofika kwenye mizani. Nicholas akaiandika fomula kwenye metadata, pale programu inapoelezwa kila safu inatoka wapi na inahesabiwa vipi. Majina yalikuwa yamefichwa, aliona namba tu. Safu mpya ikajaa. Kumi na tisa. Ishirini na mbili. Kumi na tano. Halafu huyu wa moja.

"Funga hiyo namba," Madam akasema kwenye simu. "Mtu wa chini ya kilo mbili anatupotezea muda. Pengine hata anachuma kwa shamba la jirani."

"Nipe mpaka saa kumi, Madam. Wacha niulize kwanza."

Akampigia Omariba, karani wa mizani huko Konoin. Hawakuwa wamewahi kuonana. Omariba akaangua kicheko.

"Aah, ule mama mzee! Si mwizi, boss. Kashamba kake ni kadogo, wiki nzima anapata kilo sita hivi. Nimemwambia akusanye alete mara moja, apumzishe miguu. Wapi! Amekataa kabisa."

"Kwa nini?"

"Si unajua tukipima, sistimu inatuma meseji ya kilo? Sasa yeye hakuandikisha simu yake, aliandikisha ya mtu wake wa huko mbali. Anasema siku meseji itakosa, huyo mtu atadhani amekufa."

Kusema kweli, Nicholas alimwonea wivu huyo mtu.

"Na huyo mtu humpigia?"

"Hata siku moja. Kila nikimaliza kupima ananiuliza kama imeenda. Namwambia imeenda, shosho. Anafurahi, anarudi nyumbani."

"Jamani! Huyo ni binadamu kweli?" Nicholas akafoka, mpaka Omariba akashtuka.

Alipokata simu aliitoa 0417 kwenye orodha ya kufungwa. Madam angesema atakachosema. Kisha akafungua rekodi ya mkulima ili apate namba ya huyo mtu, ampigie, amwambie ukweli bila kumung'unya maneno. Simu ilikuwa tayari mkononi.

Namba ikatokea kwenye skrini, na hakuhitaji kuisoma mara mbili. Ilikuwa laini yake mwenyewe ya zamani, ile aliyoivunja kwa meno siku aliyogombana na mamake akaondoka nyumbani.