Mgongo wa Tembo

Wanyama walipokuwa bado na wasomi wao, Nguchiro alisifika kwa kutoandika jambo asiloliona kwa macho yake. Siku moja Kware walimjia wakilia kwamba viota vyao vinapondwa, na mpondaji hajulikani.

Tembo akamhurumia. "Bonde lote hili kwa vijiguu hivyo? Panda mgongoni, mwanangu, utaona mbali."

Siku saba Nguchiro alizungushwa, akiwatazama nyati wakitimua vumbi nyasini kule ng'ambo. Akarudi akatangaza, "Ni nyati."

Bibi Kware akamsikiliza mpaka mwisho. "Ulizungukaje, mjukuu wangu?"

"Tembo alinibeba."

"Basi rudia njia ileile kwa miguu."

Akairudia. Akakuta nyayo pana kama ungo, na ndani ya kila unyayo maganda ya mayai. Akaketi akalia, maana Tembo alikuwa amemtendea wema, wala hakumdanganya hata neno moja.

Alipoinua macho alimwona Kenge, mchunguzi wa chemchemi, akipita juu ya mgongo uleule.

"Nguchiro!" Kenge akaita kwa furaha. "Nimemjua anayetutibulia maji. Ni nyati!"