Msimamizi na Mwanafunzi Wake

Kola ndiyo iliyowaponza.

Ilikuwa asubuhi, kwenye ngazi za kiwanda cha vyombo vya plastiki. Msimamizi wa kitengo cha usanifu alikuwa anapanda mbiombio, faili kwapani, kola ya shati imejikunja upande mmoja. Mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo alikuwa anashuka. Walipokutana katikati, mwanafunzi alinyoosha mkono bila kufikiri, akaiweka kola sawa, kisha akamfuta dawa ya meno pembeni mwa mdomo kwa kidole gumba.

Chini yao, dada wa mapokezi alisahau kutafuna andazi lililokuwa mdomoni.

Haikufika saa nne, kiwanda kizima kilikuwa na habari.

"Na mtu mzima yule, haoni haya!" dada wa mapokezi aliwaambia wa stoo, na wa stoo wakawaambia madereva.

Mwanafunzi alijilaumu hadi basi. Miezi miwili walikuwa wamejibana. Kazini hawajuani: hayo ndiyo yalikuwa makubaliano, na yeye ndiye aliyeyataka. Chuo kikuu kilipomtafutia nafasi pale, msimamizi alikuwa likizo; aliporudi alimkuta ameshapewa meza na kitambulisho.

"Sitaki mtu aseme nimepita kwa mgongo wako," mwanafunzi alimwambia jioni ile, wakiwa nyumbani. "Shahada hii nimeisubiri sana."

Msimamizi alikubali shingo upande. Tangu hapo akawa anamshusha kwenye kona ya kituo cha mafuta, mwenzake anamalizia kwa miguu, na getini wanasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki.

Upendeleo? Hata wa dawa haukuwepo. Mwanafunzi alikuwa mwaka wa tatu wa usanifu na ubunifu, na kazi aliyopewa ilikuwa kubuni kifuniko kipya cha chupa ya chai. Mfano wa kwanza ulivuja. Wa pili ulikwama. Wa tatu aliuleta kwenye kikao, akabonyeza kwa kidole kimoja, na chai ikamiminika bila mkono wake wa pili kugusa kitu.

"Nani anamimina chai kwa mkono mmoja?" msimamizi aliuliza mbele ya wote.

"Mtu aliyebeba mtoto anayelia."

Kitengo kizima kilicheka, isipokuwa msimamizi. Aliinamia karatasi zake ghafla, masikio yakimwaka moto. Kisha akasema, "Springi ni dhaifu. Rudia."

Dada wa mapokezi, aliyekuwa ameleta barua, aliyaona masikio hayo na kuyaweka akilini.

Usiku huo mwanafunzi alimnunia mwenzake mezani mpaka chakula kikapoa.

"Springi dhaifu! Mbele za watu!"

"Lakini si dhaifu kweli?" alijibu msimamizi, mdomo umejaa.

Ilikuwa dhaifu kweli. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Na sasa, saa nane mchana wa siku ya kola, waliitwa wote wawili ofisini kwa afisa utumishi, mama asiyependa maneno mengi, miwani yake inaning'inia kwa kamba. Dada wa mapokezi alikuwa ameshakaa kwenye ncha ya kiti, shahidi kamili.

"Kanuni mnazijua," alisema afisa utumishi. "Msimamizi mwenye uhusiano na mwanafunzi hawezi kumpa alama bila kutuarifu. Ikithibitika, tathmini hii naichana, na mafunzo yanaanza upya, kwingine, mwaka ujao."

Mwaka ujao! Mwanafunzi alipiga hesabu haraka. Darasa zima lingehitimu bila yeye.

Afisa utumishi alifungua faili, akavaa miwani, akaivua tena. "Amempa hamsini na tisa. Kama huu ni upendeleo, basi ni upendeleo wa aina yake."

"Danganya toto hiyo!" dada wa mapokezi alidakia. "Kila siku namwona anashuka kwenye gari lake pale kituo cha mafuta. Halafu mabakuli yao ya chakula! Huyu akija na maharage, na yule maharage. Huyu mchicha, na yule mchicha."

"Mnakaa nyumba moja?"

"Ndiyo," alisema msimamizi.

Dada wa mapokezi alijishika kifua.

"Lakini hiyo hamsini na tisa ameitolea jasho," msimamizi aliendelea. "Kifuniko chake cha nne kimefunguliwa mara elfu mbili kwenye mashine na hakijavuja tone. Mwiteni mhandisi yeyote akipime. Mkitaka kuniadhibu, niadhibuni. Kazi yake msiiguse."

Mwanafunzi alishindwa kumtazama, machozi yalikuwa karibu. "Mimi ndiye niliyemfunga mdomo," alisema. "Yeye hakutaka kuficha tangu mwanzo."

Afisa utumishi alivuta fomu na kufungua kalamu. Kwa mara ya kwanza alionekana kuwaonea huruma.

"Basi tusizungushane. Kuna vipengele lazima nivijaze. Mmejuana tangu lini?"

Mwanafunzi alishusha pumzi.

"Tangu siku nilipomzaa."