Dawa ya Panya

Evodia alitia kijiko kimoja kwenye uji wa mumewe, akasita, akaongeza cha pili. Akakoroga mpaka ile rangi ya kijani ikapotea.

Kyaruzi alikuwa chumbani, amelala chali, tumbo limevimba, macho yamekuwa ya njano. Pombe ya gongo ilishamla ini, hospitali walisema hivyo. Miezi miwili hakuinuka, na hiyo miezi miwili ndiyo pekee aliyolala Evodia usingizi mzima tangu aolewe. Mkono alishavunjwa, meno mawili alishang'olewa, mtaa mzima wa Nshambya unajua. Sasa mwanamume hawezi kunyanyua hata kikombe, ila mdomo wake mzima.

"Nikiinuka hapa utanitambua," alimwambia mkewe. "Safari hii nakuzika."

Haya, mtu akikwambia hivyo utamwombea apone? Evodia hakumwombea.

Kazi yake ilikuwa usafi kwenye maabara moja ya utafiti pale mjini, chumba cha panya weupe. Dakta Byarugaba aliwadunga sindano ya kuwaharibu maini. Siku chache tu, panya wamezubaa, manyoya yamesimama, chakula hawagusi. Siku moja Evodia akamuuliza kama mtu naye akipewa vile anakufa. Dakta akacheka, akasema anakufa bila shaka, na akiwa mlevi hakuna atakayeuliza.

Maneno hayo yalimkaa Evodia kichwani. Wiki hiyohiyo akaona kwenye friji chupa kubwa, mpya, imeandikwa kwa kalamu nene: DAWA YA PANYA. Nani asiyejua dawa ya panya? Akawa anamimina kidogo kila jioni kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, anakificha ndani ya kitenge, anapita nacho kwa mlinzi. Ilinuka kama majani yaliyotwangwa. Kyaruzi alilalamika kwamba uji una uchungu, lakini alimaliza bakuli.

Wiki ya pili akaomba ndizi. Ya tatu akala samaki mzima, akauliza nani anamsimamia shamba lake la kahawa. Evodia alijipa moyo, maana alishasikia kuwa mgonjwa wa kufa huchangamka kidogo kabla ya kwenda. Akaongeza kijiko cha tatu. Shemeji yake Lameki alipokuja kutoka Muleba kumwona kaka yake, alimshika Evodia mikono yote miwili akamshukuru kwa kumtunza. Evodia alijisikia vibaya siku nzima. Ila jioni alikoroga uji kama kawaida.

Ijumaa asubuhi Dakta aliingia amejaa furaha, panya mmoja mnene kiganjani.

"Mama, mtazame huyu. Ini lake nililiharibu mwenyewe, leo anakula kuliko mimi. Yule mganga wa mitishamba kule Kaagya hakutudanganya. Wote tuliowapa majani yake wamepona."

Akafungua friji, akaitoa ile chupa kubwa, akaitikisa. Akashangaa jinsi dawa ilivyopungua haraka, na panya wenyewe ni kumi na wawili tu.

Evodia alishika ukingo wa meza.

Mlinzi akachungulia mlangoni. Akasema mume wa Evodia yuko getini, anamwita. Amekuja kwa miguu.