Sufuri ya Hénock

Masika aliirudisha soseji kwenye sahani. Aliyempa alikuwa ametoka kufyatua bastola sasa hivi, hakunawa, na vidole vyake vilinuka baruti.

"Kula, mama mkwe! Leo sikukuu," alisema Glody, mlinzi mwenzake na Hénock, akijilamba mafuta ya nyama kwenye kidole gumba.

"Sijawa mama mkwe wa mtu bado."

Kampuni ya ulinzi ilikuwa imewaita wafanyakazi na familia zao kwenye uwanja wa shabaha, nyuma ya vilima vya mchanga wa mgodi, kusini mwa Johannesburg, eti washindane kirafiki. Huku nyama inachomwa, watoto wanagombania maputo, na kule mbele zimetundikwa karatasi nyeupe, kila moja ina kivuli cha mtu: kichwa, mabega, kifua. Kifua kikitobolewa, watu wanapiga makofi. Mama mmoja alimnyanyua mtoto wake ili aone vizuri. Masika akatema mate kwenye leso, akaikunja mara nne.

Asingekuja, ila alikuwa na jambo la kuhakikisha. Bintiye Arlène alikuwa ameposwa na Hénock, mlinzi wa geti, wa rungu tu. Na Masika, ambaye mumewe alipigwa risasi kwao, kule Beni, mlangoni pake, sufuria ikiwa bado jikoni, alikuwa na sharti moja. Mara tatu alimkalisha kijana huyo kwenye chumba chao cha Jeppestown na kumwambia, "Binti yangu hatashikwa na mkono uliozoea bunduki." Mara tatu Hénock alijibu akitazama chini, "Mama, mimi sijawahi hata kuigusa."

Zamu ya Hénock ikafika. Aliipokea bastola kama mtu aliyepewa panya mfu. Lerato, msimamizi wa uwanja, akamsogeza vidole kimoja kimoja, akamwonyesha pa kubonyeza.

"Eish, baba, haikuumi!"

Hatua kumi tu mbele yake, karatasi ilikuwa ikisubiri. Mlio wa kwanza ukamrusha Masika kwenye kiti. Kivuli hakikuguswa. Wa pili, hakikuguswa. Hénock alihema, akasogeza mkono kidogo, akafyatua tena.

"Mwacheni, anafukuza inzi!" Glody alipiga kelele. "Hénock, yule amesimama, hakimbii!"

Risasi kumi zikaisha. Lerato akaileta karatasi, akakitupia jicho kile kivuli, cheusi, kizima, hakina hata mkwaruzo.

"Sufuri!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Arlène akafunika uso kwa viganja. "Mama, twende. Aibu gani hii!"

"Aibu?" Kwa mara ya kwanza siku hiyo Masika alitabasamu. Akatoa simu, akampigia kaka yake kule Butembo, aliyekuwa ameketi na wazee wakingoja neno lake.

"Kaka, pokeeni mbuzi za watu. Kijana ni safi. Nimemwona kwa macho yangu mawili."

Vigelegele vya wake za kaka yake vikajaa kwenye simu hata Glody akavisikia. Neno lilikuwa limetoka, na kwao neno hilo halirudishwi.

Ndipo Masika akamwendea Lerato, akaomba ile karatasi.

"Ya nini, mama? Haina hata alama moja."

"Ndiyo maana naitaka."

Akapewa, akaikunjua, akainua mikono yote miwili juu ili amtazame vizuri yule mtu asiyeguswa. Jua likapenya kwenye weupe wa karatasi: matundu kumi, kutoka bega hili kuzunguka kichwa hadi bega lile, kila moja upana wa kidole kimoja tu kutoka kwenye weusi, na kati ya tundu na tundu vidole vinne, bila kuzidi, bila kupungua.