Diski ya Arusi

Muuzaji aliweka drive mbili za DVD juu ya kaunta, nyeusi na ya kijivu, zote za kuchomeka kwenye laptop kwa waya.

"Hii nyeusi ni ya bei ya chini, lakini inachagua diski," alimwambia Raudha. "Hiyo ingine inasoma hata zenye ziko na mikwaruzo. Uko na diski tujaribu?"

Raudha alikuwa nayo mkobani. Ilikuwa ya arusi ya dada yake, aliyefariki akijifungua. Mtoto aliyebaki, huyu aliyesimama sasa kando yake dukani, alilelewa na Raudha, akamwita mama, na hakuna aliyewahi kumwambia vingine. Raudha alitaka kuitazama diski kwanza peke yake, ndipo atafute maneno.

"Angalia tu kama inasoma," alisema, akaitoa.

Drive nyeusi ilikoroma kidogo, ikanyamaza. Ya kijivu ikazunguka bila kelele, na bibi arusi akatokea kwenye kioo cha laptop ya duka, akimcheka mpiga picha. Aliziba mdomo kwa kiganja chenye hina. Alipokiondoa, pengo lilionekana katikati ya meno yake ya mbele.

Mtoto aliacha kuchezea kifungo cha sweta. Alisogea, akapitisha ulimi polepole kwenye pengo lake mwenyewe.

"Mama, huyu ni nani? Ako na meno kama yangu."

"Inasoma poa," muuzaji alisema, kidole tayari kwenye kitufe. "Nitoe?"

"Usitoe," alisema Raudha. "Ongeza sauti."

Akamwinua mtoto, akamketisha juu ya kaunta.