Magoti ya Komeo

“Kijana, mbele ya kamati mtu akiulizwa anasimama,” mwenyekiti alisema.

Komeo hakusimama. Alibaki kitini, viganja vyote viwili vimekamata ukingo wa meza, macho ameyatuliza kwenye chupa ya maji iliyokuwa mbele yake. Nahodha, aliyekaa kando yake, alijisikia fahari mpaka kooni. Huyu golikipa ana roho! Hata humu ndani, mbele ya watu wenye uwezo wa kumharibia maisha, hatetereki.

“Haya, kaa,” mwenyekiti aliguna. “Tumekuzoea.”

Kesi yenyewe ilijulikana na kila mwenye redio. Komeo, jina alilopewa na mashabiki kwa sababu lango lake lilikuwa halifunguki, alikuwa anapiga goti kila timu zilipopangwa mstari kusikiliza wimbo wa ligi. Kanuni zilitaka wachezaji wasimame wima, mikono ubavuni. Adhabu yake ni kufungiwa mpaka mwisho wa msimu, na mkataba wa Komeo ulikuwa unaishia hapo hapo. Nani angemsajili golikipa wa umri wake, tena mwenye sifa ya ukorofi? Nyumbani kulikuwa na mke na mapacha wanaotambaa.

Mwanzoni mwa msimu Komeo aliruka kuokoa mpira, kichwa chake kikakutana na nguzo ya goli. Akalala pale hajitambui. Ligi yenye pesa za kurusha fataki haikuwa na gari la wagonjwa uwanjani, wala machela. Walimbeba kwa bango la mdhamini, wakampakia nyuma ya gari lililoleta soda. Nahodha ndiye aliyemshikilia kichwa njia nzima, na hasira ya siku ile ilikuwa haijamtoka.

Komeo akashonwa, akapumzika kidogo, akarudi. “Nimepona,” aliwaambia, na kila mtu akamshukuru Mungu. Mechi yake ya kwanza tu, spika zikanguruma, wimbo ukaanza, Komeo akapiga goti. Nahodha alimtazama, akaelewa papo hapo. Ubeti wa kwanza haujaisha, naye pia alikuwa chini. Mechi iliyofuata ilipiga goti timu nzima, na iliyofuata hiyo, hata wapinzani. Hakuna aliyemuuliza Komeo kitu. Jambo lililo wazi namna ile mtu analiulizaje?

Kwa kuwa Komeo si mtu wa maneno, Nahodha akawa msemaji. Alihojiwa redioni, akachapisha fulana, akanunua na koti la kuvaa mbele ya kamera.

“Baba watoto, ubavu huo umeutoa wapi?” mkewe alimtania. “Hapa nyumbani hata panya unaniachia mimi.”

Alicheka naye, lakini usingizi ulikuwa umempaa. Viongozi walishatishia kumvua unahodha. Na zaidi ya hilo, Komeo mwenyewe alikuwa anamtia hofu. Siku hizi akiwa golini huegemea nguzo kama mtu anayesubiri basi, na wiki iliyopita aliuacha mpira mlaini, ambao hata bibi yake angeudaka, ukapita pembeni yake. Presha ya kesi hiyo, Nahodha alijiambia. Asubuhi hii, wakipanda ngazi za ofisi za ligi, Komeo alimwekea mkono begani tangu chini mpaka juu. Machozi nusura yamtoke Nahodha. Udugu wa aina hiyo hauuzwi dukani.

“Mimi sikumwambia mtu apige goti,” Komeo alisema sasa, kwa sauti ndogo.

“Umemsikia, mwenyekiti?” Nahodha alidakia. “Hakumshawishi mtu. Kila mmoja kapiga goti kwa dhamiri yake. Tunachotaka ni gari la wagonjwa na daktari katika kila mechi. Mtu asife kama mbwa, watu wanashangilia.”

Mwenyekiti alijifuta jasho. Wadhamini walikuwa wamempigia simu asubuhi ile ile. Picha ya bango lao likiwa limembeba mtu nusu mfu ilikuwa imezagaa kila mahali, na haikuwafurahisha hata kidogo. Alinong’onezana na wajumbe wake, akakohoa.

“Sikilizeni, tusifikishane pabaya. Kuanzia Jumamosi, kila mechi itakuwa na gari la wagonjwa na daktari. Hakuna atakayefungiwa. Lakini wimbo ukipigwa, nyote wima. Hasa wewe, Komeo. Kamera zote zitakuwa kwako. Ukilipiga tu hilo goti, umejifungia mwenyewe.”

Komeo alilamba midomo. “Na huyo daktari atakaa wapi?”

“Mbele kabisa! Hatua chache kutoka mlipo. Si ndicho mlichokuwa mnakililia?”

Nahodha alipiga meza kwa furaha, akaomba radhi, akaipiga tena. Wajumbe walikusanya vitu vyao wakatoka, na chumba kikabaki na wao wawili. Akamkumbatia golikipa wake pale pale kitini.

“Tumeshinda, ndugu yangu! Inuka twende, waandishi wanatusubiri nje.”

Komeo hakuinuka. Alimvuta koti mpaka sikio lake likawa karibu.

“Jumamosi simama ubavuni kwangu,” alinong’ona. “Wimbo ukianza, unishike jezi huku mgongoni, unishike kwelikweli, na daktari asione. Tangu nigonge ile nguzo, nikisimama tuli bila kushika kitu, naanguka.”